Kodi ya Sarafu Zinazotaga

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Barua imenifuata kazini. Bahasha ya kahawia yenye kidirisha, na jina langu likichungulia humo bila kosa hata moja la herufi, jambo lililoishinda benki yangu kwa miaka kumi na moja. Ofisi ya kodi! Nikatabasamu. Mwezi Januari niliwaandikia kuwadai elfu thelathini na nane walizonikata zaidi kwenye mshahara. Nikajua zimekuja.

Nikafungua kwa kisu cha kuchongea nta. Hawanirudishii kitu. Wao ndio wananidai mimi. Milioni mbili na laki moja! Mara ya kwanza nilidhani ni namba ya jalada.

Ni zile sarafu zangu za mtandaoni. Miaka miwili sasa nimezifungia kwenye simu. Kazi yake nyepesi: unazifungia, huzigusi, na kila asubuhi zinakutagia vijisarafu vingine. Programu inaviita zawadi. Sasa hawa jamaa wamechukua kila kijisarafu wakakithamini kwa bei ya siku kilipotagwa, na siku zile bei ilikuwa mawinguni. Leo hii ukiziuza zote, mama na watoto, hupati laki tisa. Maana yake natozwa kodi ya utajiri ulionipitia mbele ya macho bila hata kunisalimia.

Daktari wa meno, mwajiri wangu, akachungulia mlangoni kuuliza kama meno ya juu ya yule dereva wa lori yako tayari. Mimi ni fundi wake wa meno ya bandia. Yeye hung'oa, mimi hurudisha. Nikamjibu yanakaribia. Hayakuwa yanakaribia. Nilikuwa nimepanga magego ya kulia upande wa kushoto.

Nimepewa siku ishirini na moja. Sina wasiwasi. Mtu mwenye akili siku ishirini na moja zinamtosha na nyingine anabakiza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mke wangu asijue. Hilo nililiamua jana, na leo nimeliamua tena.

Yeye ni fundi makochi. Sebule yetu ndiyo karakana yake; mgeni akija anakaa juu ya kochi la mtu mwingine. Mwaka huu amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: viti themanini vya hospitali, vya ngozi, pale wagonjwa wanapongojea. Cherehani yake ya sasa haiwezi ngozi. Inaguna, inakata uzi, inasimama. Amedunduliza miaka mitatu kununua ya ngozi na amefika nusu. Nusu iliyobaki niliiahidi mimi. Niliiahidi mbele ya mdogo wake, kwa sauti, huku nikijipiga kifua. Nilisema sarafu zitalipa.

Mwisho wa mwezi asipoanza kazi, hospitali inampa fundi mwingine.

Jioni akaniuliza, misumari ikiwa mdomoni, sarafu zinaendeleaje. Nikasema zinapumua. Hapo sikudanganya.

Barua nimeificha. Mfukoni hapana, anafua. Kabatini hapana, anapanga. Nimeitumbukiza ndani ya kochi la kijani, upande wa kulia, kati ya sponji na ubao. Nani atatafuta barua ndani ya kochi? Kuna siku najishangaa mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda ofisi ya kodi na hoja moja tu, lakini hoja ya moto. Nimeipata nikipiga msasa taya ya chini ya mstaafu mmoja. Nusura niidondoshe kwa furaha.

Foleni kwa saa mbili na nusu nzima. Dirisha la saba. Afisa mwenyewe mama wa makamo, miwani ina mnyororo, sauti ya upole kama muuguzi. Nikamwekea simu mbele yake. Nikamwambia asome mwenyewe. Imeandikwa: Hongera, umepokea zawadi! Nikamuuliza kwa heshima zote tangu lini mtu anatozwa kodi kwa zawadi. Shemeji yangu alipewa birika siku ya harusi yake. Alilipia kodi birika lile?

Yule mama akasoma. Akavua miwani. Akauliza aliyenipa zawadi ni nani. Nikasema ni programu. Akauliza tuna undugu gani. Nikasema hatuna. Akauliza kama ilinipa kwa sababu inanipenda au kwa sababu niliifungia sarafu zangu. Swali la namna hiyo mtu hulijibu akiwa amekaa, na mimi nilikuwa nimesimama.

Nikageuza upande. Nikamuuliza wamejuaje mambo ya simu yangu. Ni nani aliyemwaga mtama. Akageuza jalada upande wangu. Ni mimi! Kurasa kumi na nne za maelezo ya sarafu, nilizichapisha mwenyewe na kuzibana kwa pini nyuma ya barua ya kudai elfu thelathini na nane. Nimekumbuka kabisa. Nilitaka wajue wanashughulika na mtu wa maana, ili wafanye haraka.

Wamefanya haraka.

Kitu kimoja nimekiona. Yule mama ana jino la bandia, la mbele, upande wa kushoto, na limelegea. Kila akitamka "s" linagonga. "Sarafu," tak. "Sheria," tak. Fundi hawezi kutosikia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tumekwenda kumtembelea Shemeji, mdogo wake mke wangu. Anatunza hesabu za duka la rangi. Mtu mkavu, mwenye kalamu mbili kifuani. Sarafu hizi mimi ndiye niliyemfundisha! Yeye akaziuza bei ilipokuwa juu. Akanunua jokofu la milango miwili. Kila nikifika hulifungua, hata kama hatoi kitu.

Leo amelifungua mara nne. Akauliza mbele ya dada yake nusu yangu ya cherehani imefikia wapi. Nikajikaza nikasema iko kwenye hatua za mwisho. Akasema, “Shemeji, hatua za mwisho za kwenda au za kurudi?” Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuona cha kuchekesha.

Nimewaza njia nzima. Kama mimi nimedaiwa, na yeye alitagiwa vilevile, kwa nini alale usingizi? Kupunjana si kuzuri. Nimekaa jikoni nikawaandikia ofisi ya kodi barua fupi isiyo na jina. “Raia mwema anawajulisha.” Nimebadilisha mwandiko, nimeandika kwa mkono wa kushoto. Roho yangu imetulia kama maji ya mtungini.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku mbaya kidogo.

Nimerudi dirisha la saba. Safari hii sikwenda na hoja, nimekwenda na moyo wa utu. Nikamwambia yule mama, kwa sauti ya chini, kwamba nimelisikia jino lake na limenihuzunisha. Kulikaza jino lile kwangu ni kazi ya nusu saa. Bure. Akipenda namwekea jipya, na rangi nitachagua mwenyewe, ile iliyopo imezidi weupe. Kisha, katika upole uleule, tunaweza kulitazama jalada langu.

Hata mtu wa dirisha la sita aliacha kugonga muhuri.

Akavuta karatasi akaandika. Nikauliza anaandika nini. Akasema anaandika kwamba mlipakodi ametaka kumpa afisa jino. Nikamsihi asiandike. Akasema, “Baba, nimekwisha kuandika. Ukirudia, hii karatasi inakwenda ghorofa ya juu. Usirudie.” Na katika maneno yote hayo jino liligonga mara moja tu. Nadhani alikuwa analibana kwa ulimi.

Nikanywea. Nikashika kofia yangu niondoke. Akaniita. Akatoa barua nyingine, akaisukuma chini ya kioo. Ya raia mwema! Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi ya kazini, na juu yake kuna picha ya seti ya meno yanayotabasamu, na anwani, na simu ya Daktari. Akaniarifu kwamba huyo ninayemshtaki alijaza fomu yake mapema mwaka jana, akalipa kila kitu, wao wakamwandikia barua ya shukrani.

Barua ya shukrani! Hata hiyo anayo. Sasa najua ni nini kile kilichotiwa fremu juu ya jokofu lake, nilichodhani ni cheti cha ubatizo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Kochi la kijani halipo.

Nimeingia sebuleni, nafasi tupu, alama nne za miguu ya kochi sakafuni. Nikamuuliza mke wangu kwa utulivu liko wapi. Kasema mwenyewe amelichukua mchana. Limekwisha, limependeza, kalipwa. Nikauliza mwenyewe ni nani. Kasema ni yule mwalimu mkuu mstaafu wa barabara ya pili, mama anayesahihisha hata mabango ya dukani. Nikauliza kama wakati wa kushona alifungua upande wa kulia. Kasema upande wa kulia haukuwa na tatizo, kwa nini nauliza.

Nikasema nalipenda tu kochi lile.

Akanitazama kwa muda. Miaka kumi na sita ya ndoa, sijawahi kusema nalipenda kochi lolote.

Nimepata wazo la kwenda kwa mwalimu mkuu kujifanya mkaguzi wa sponji. Nimepita mbele ya nyumba yake mara tatu. Mara ya tatu alikuwa dirishani. Nikala kona.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mwalimu mkuu amekuja mwenyewe. Mimi nilikuwa kazini, haya nimesimuliwa.

Alikaa juu ya kochi lake, likamchoma pembeni. Akaingiza mkono akatoa barua. Akaisoma yote, kwa sababu ni mwalimu. Akaileta kwa mke wangu, akamwambia kuna kosa la kisarufi katika aya ya tatu, na kwamba mumewe anadaiwa milioni mbili na laki moja.

Nimerudi jioni, barua iko katikati ya meza. Pembeni yake chakula changu, kimefunikwa. Kile kifuniko kilinitisha kuliko barua. Mtu aliyekasirika hafuniki chakula.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alikuwa anang'oa pini kwenye kiti kikuukuu, moja moja, anazitupa kwenye kopo. Nikaanza kueleza bei za siku zile na bei za siku hizi. Akaniacha niende mpaka mwisho. Kisha akasema, “Umemaliza?” Nikasema ndiyo.

“Mimi sikuuliza habari za bei. Nauliza, siku kumi zote hizi ulikuwa unalala pembeni yangu unaniona mimi ni nani?”

Nikasema nilitaka cherehani iwe habari njema tu, isichanganyike na nyingine. Akasema habari njema ya cherehani ni cherehani. Akaendelea kung'oa pini. Baadaye akanisogezea koleo la pili bila kunitazama, na mimi nikakaa sakafuni upande wa pili wa kiti nikaanza kung'oa. Tuling'oa hadi kopo likajaa.

Nimeandika haya yote ingawa mkono bado unauma. Zile pini si mchezo.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Tumekwenda ofisi ya kodi watatu. Watatu! Mke wangu, mimi, na Shemeji, ambaye dada yake alimpigia simu bila kunishauri. Kaja na kalamu zake mbili na rula. Nilipomwona ana rula nikajua nimekwisha.

Kabla ya foleni kusogea alikwisha kuzipanga kurasa zangu kumi na nne juu ya magoti. Akapiga mstari. Akaniuliza, bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma, kwa nini mwezi wa Agosti umo mara mbili. Nikatazama. Kweli umo mara mbili. Agosti ulikuwa mwezi wangu bora kuliko yote, bei ilikuwa juu sana. Nakumbuka niliuchapisha mara ya pili kwa ajili ya kuuangalia tu. Lazima nakala ile ilijichomeka humo. Basi wao wakahesabu walicholetewa.

Dirisha la saba. Yule mama akanisalimia kwa uangalifu. Mke wangu akazungumza. Hakulia, hakubembeleza, hakuja na hoja ya moto. Alisema, “Dada, tunadaiwa na tutalipa. Ila Agosti mmehesabu mara mbili, na hatuna zote kwa mkupuo. Tufanyeje?” Basi. Dakika kumi na tano! Agosti mmoja ukaondolewa, deni likashuka hadi milioni moja na laki tano. Awamu sita, kila tarehe ishirini. Adhabu wakaifuta kwa kuwa tumekuja kabla ya zile siku ishirini na moja kuisha.

Mimi nilibaki kushika mkoba.

Nje Shemeji akasema tusiwe na neno, haya mambo humpata kila mtu. Hayakumpata yeye! Lakini akatununulia soda, na ya kwangu akaifungua mwenyewe. Nimemshukuru. Kwa sauti ndogo, lakini amesikia.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimeuza sarafu zote. Mke wangu alikaa pembeni yangu nikibonyeza. Laki nane na elfu sabini. Laki mbili na nusu zimekwenda awamu ya kwanza. Nyingine laki mbili na nusu zimebaki kwenye simu yangu kungojea awamu ya pili. Akasema ananiachia mimi nizishike, ili nijizoeze. Kilichobaki amekichukua yeye akakijumlisha na akiba yake. Hakikutosha cherehani. Akapiga simu, akapatana na muuzaji: atachukua sasa, atamalizia akilipwa na hospitali. Muuzaji anamjua. Watu wengi wanamjua, kumbe. Sikuwahi kufikiria hivyo.

Cherehani imefika saa kumi. Nyeusi, nzito, imebebwa na watu watatu. Akatia uzi, akaweka vipande viwili vya ngozi, akakanyaga. Haikuguna. Mshono umenyooka kama mstari wa rula ya mdogo wake. Akanigeukia, uso wote umefunguka, akaniambia nije nishike hapa. Nikashika. Tumeshona kiti cha kwanza, yeye akishona, mimi nikivuta. Vimebaki sabini na tisa.

Nimekaa nikimtazama. Nimeona haya kidogo, halafu ikaniishia, ikabaki furaha.

Wakati wa kulipa asubuhi, yule mama wa dirisha la saba alinielewesha jambo kwa wema wake. Kasema nitunze karatasi za mauzo, maana mtu akipata hasara kwenye sarafu, hasara hiyo inaweza kupunguzwa kwenye faida ya sarafu ya mwaka unaofuata, na kodi inapungua. Nikamshukuru. Nikaondoka bila kutaja jino.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Nimeamka na maneno yale kichwani. Hasara inapunguza kodi. Nimeyarudia nikipiga mswaki. Nimeyarudia nikivuta ngozi, kiti cha tisa.

Mbona hakuna aliyeniambia mapema? Kumbe tatizo langu halikuwa sarafu. Tatizo langu lilikuwa faida! Nilipata nyingi mno, kiholela, bila mpango. Mtu makini angekuwa na hasara yake pembeni, imeiva, tayari kutumika.

Nahitaji hasara.

Nimepekua simu mchana kutwa kutafuta sarafu mbovu kuliko zote. Si kazi rahisi, zinashindana. Mwishowe nimeipata. Nembo yake ni kandambili ya mguu mmoja. Mwanzilishi wake kaingia mitini tangu Novemba. Wote walioitolea maoni wanalia. Hii haiwezi kuniangusha.

Zile laki mbili na nusu zimekaa tu kwenye simu, hazina kazi mpaka tarehe ishirini ya mwezi ujao. Nimezitia zote. Mke wangu sijamwambia, si kwa kumficha. Nataka kwanza hasara ionekane vizuri, nimwoneshe ikiwa kamili.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Imepanda mara tatu.

Nimezima simu nikaiwasha. Bado mara tatu. Watu waliokuwa wanalia juzi sasa wanarusha picha za kandambili. Hapa nilipo nina faida ambayo nitadaiwa kodi yake, na hasara hata chembe sina.

Nimejaribu kuhuzunika, kama mpango unavyotaka. Nimekaa chooni robo saa nzima nikijaribu. Imeshindikana.

Nimeongeza na nauli yangu ya wiki mbili. Kesho kazini nakwenda kwa miguu. Daktari mwenyewe husema kutembea ni kuzuri.